Kiuno Inchi Thelathini

Barua ilisema ubalozi haujaridhika kwamba ndoa yao ni ya kweli.

Fundi aliisoma akiwa amesimama kando ya cherehani, tepu shingoni, pini tatu zimebanwa kwenye midomo, kwa hiyo mara ya kwanza aliisoma kwa macho tu. Baba mkwe wake alikuwa ameketi mlangoni akibadilisha mpira wa koki iliyokuwa ikivuja tangu juzi. Mtaa mzima ulimwita Mzee Bomba, maana miaka arobaini alikuwa akifunga na kufungua mabomba ya watu, na mpaka leo akiingia nyumba ya mtu husikiliza kwanza kama kuna kinachodondoka.

"Wanasemaje?"

Fundi alizitoa pini moja moja akazichoma kwenye kijimto chake. "Wanasema hatujathibitisha, Baba."

"Kuthibitisha nini?"

"Kwamba mimi na Kimya ni mtu na mkewe kweli. Kuna watu huoana kwenye karatasi tu ili mmoja apate kuingia huko. Wanataka kujua kama sisi si wale."

Mzee Bomba akaiweka koki sakafuni. "Miaka saba umenipikia, umenifulia, umenizikia mke wangu. Yote hayo ulikuwa unamdanganya mtu wa ubalozi?"

Fundi akacheka kwa pua. Lakini mkono ulioishika barua haukucheka.

Barua yenyewe ilikuwa na adabu nyingi, kama barua zote za watu wasiokujali. Mke na mume wafike kwa mahojiano tarehe ishirini, Jumatano, saa tatu asubuhi. Walete picha walizopiga pamoja miaka mbalimbali, mawasiliano yao, na "kitu chochote kinachoonyesha maisha ya pamoja". Hii ilikuwa mara ya pili kuomba. Mwishoni, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba wakikataliwa tena hawaruhusiwi kuomba mpaka ipite miaka mitano. Aliyeitunga sheria hiyo jioni anarudi nyumbani anamkuta mkewe sebuleni. Kwake miaka mitano ni tarakimu.

"Kimya anakuja lini?" Mzee aliuliza.

"Ameomba likizo yake. Jumatatu."

"Siku ngapi?"

"Kumi na mbili, kama kawaida."

Mzee akaichukua koki yake tena. Kwa mwaka, mwanawe alikuwa mume wa mtu siku kumi na mbili. Siku nyingine zote alikuwa akibeba makasha ya nyama katika ghala la baridi, nchi ambayo Mzee hakuweza hata kulitamka jina la mji wake bila kujikwaa.

*

Mtu aliyewajazia fomu aliitwa Karatasi. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya ofisi za serikali, meza, kompyuta, mashine ya kutoa kopi, na feni iliyopeperusha kila alichochapa. Waliketi watatu mbele yake kwenye benchi, Kimya katikati, magoti yake marefu yakigusa meza.

"Picha," Karatasi alisema.

Fundi akatoa picha mbili. Moja ya harusi. Nyingine Kimya amefumba macho.

"Na nyingine?"

"Ndizo hizo."

"Miaka saba, picha mbili? Dada yangu, mimi kuku wangu nina picha zao nyingi kuliko hizi."

"Sipendi picha," alisema Kimya. Ndilo neno lake la kwanza tangu waingie.

"Haya, shemeji hapendi picha. Nipeni simu tuone mnavyoandikiana." Karatasi akaipokea simu ya Fundi, akawa anasogeza kidole, anasogeza, nyusi zikipanda. Akaanza kusoma kwa sauti. "'Umefika?' 'Nimefika.' 'Umekula?' 'Nimekula.' 'Lala basi.' 'Haya.' Kesho yake: 'Umefika?' 'Nimefika.' 'Umekula?' 'Nimekula.'" Akaiweka simu mezani taratibu. "Jamani. Haya ni mapenzi au ni zamu za walinzi?"

Mzee Bomba alicheka mpaka akakohoa. Kimya aliangalia viatu vyake.

"Sikilizeni," Karatasi akasema. "Jumamosi mnakwenda studio. Mnavaa nguo tano tofauti, mnapiga picha tano. Nyuma mimi naandika miaka. Mwaka huu, mwaka juzi, wa kabla yake. Basi."

"Huo si uongo?" aliuliza Fundi.

"Ndoa yenu ni ya uongo?"

"Hapana."

"Basi picha ya ndoa ya kweli itakuwaje ya uongo? Mlichelewa kupiga tu."

Fundi alimtazama mumewe. Kimya akatikisa kichwa, hataki. Mzee Bomba ndiye aliyeamua, na alipoanza kusema kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Mnanikumbuka mimi hospitali? Mama yenu amelala chumba cha maiti, nimekwenda kumchukua. Wakaniuliza, wewe ni nani wake? Nikasema mume. Cheti cha ndoa? Sina. Picha? Sina. Miaka thelathini na sita, watoto watatu, mmoja yuko hapa. Wakasema tafuta ndugu wa damu. Akaja shemeji yangu, mtu ambaye alikuwa hajakanyaga kwangu miaka minne, akatia sahihi yeye. Mimi nimesimama pembeni kama dereva wa gari la kukodi." Akajifuta mdomo. "Wale hawaamini mtu. Wanaamini karatasi. Wanataka picha, wapeni picha. Mkishafika huko mtatubu."

Karatasi alizima feni.

*

Nguo zilikuwepo. Ukutani kwa Fundi palikuwa na bomba refu, ambalo Mzee alilifunga mwenyewe, na hapo zilining'inia nguo za wateja zilizokwisha shonwa. Kila moja ilichomwa kikaratasi kwa pini: jina la mteja, kinachotakiwa kurekebishwa, na siku ya kuja kuchukua. Tarehe aliiandika kamili, mwezi na mwaka, maana kuna wateja huagiza nguo ya sherehe wakaja kuichukua mwaka umegeuka, halafu wakakuapia kwamba umechelewesha wewe.

Fundi alichagua magauni matano yanayomkaa. Kimya hakuhitaji kuazima. Mashati yake yote alishona mkewe, na Fundi aliyatoa yale ya miaka iliyopita kutoka sandukuni, akayapiga pasi.

"Hili la kijani si la mwalimu mkuu?" Mzee aliuliza.

"Ni lake. Alikuwa achukue Alhamisi, hakuja. Nitalirudisha hata halijapoa."

"Akikuona nalo?"

"Nitamwambia nalijaribu kama linafunguka kwapani."

Kwa Mzee mwenyewe hakukuwa na la kujaribu. Alikuwa na kaunda suti mbili, zote kazi ya Fundi, lakini tepu ya Fundi haikuwahi kumgusa. Mkwe ni mkwe. Mwanamke atamzungukiaje baba wa mumewe na tepu kiunoni? Kila alipotaka kumshonea aliomba shati kuukuu, akalitandaza mezani, akapima shati.

Studio ilikuwa na pazia lenye picha ya maporomoko ya maji. Mzee Bomba alikaa kwenye kiti cha plastiki akiwa ameshika mkoba wa mkwewe magotini, na kila baada ya dakika kumi Fundi aliingia nyuma ya pazia akatoka mtu mwingine.

"Cheka bwana, hujafiwa," mpiga picha alimwambia Kimya.

"Ndiyo kucheka kwake huko," Fundi akasema.

"Basi msogelee mama. Mshike bega. Siyo hivyo, hujamkamata mwizi!"

Picha ya nne walicheka wote wawili kweli kweli, kwa sababu shati la miaka minne nyuma lilimpwaya Kimya kama limetundikwa kwenye mti, na mpiga picha akauliza kama wameazima kwa baba. Mzee Bomba hakucheka. Alilitazama lile shati, akamtazama mwanawe ndani yake, akautazama ukuta.

*

Jumatano saa mbili walikuwa kwenye foleni nje ya ukuta wa ubalozi. Askari wa getini alichukua simu, akachukua mkanda wa Kimya, akafungua mkoba wa Fundi akakuta mkasi.

"Huu hauingii."

"Ni wa kazi. Tukitoka hapa napitia kwa mteja."

"Mkoba wote hauingii."

Mzee Bomba akaupokea, akaenda kukaa nao kwenye benchi ya saruji ng'ambo ya barabara, palipokuwa na watu wengine waliokuwa wamepakata mikoba ya watu wao. Askari hakusema lolote kuhusu tepu. Ilikuwa shingoni kwa Fundi tangu asubuhi, na askari huenda aliiona ni pambo. Fundi mwenyewe alikuwa amesahau, kama mtu anavyosahau kwamba amevaa pete.

Walimwita Kimya kwanza. Alikaa ndani dakika kumi na mbili akatoka, jasho limemlowesha mgongo, mikono miwili imeshika suruali isiyo na mkanda. Kisha Fundi.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kamba, sauti ya mtu anayeita majina ya wagonjwa. Hakuwa mbaya. Watu wa namna hiyo mara nyingi si wabaya, ubaya umeandikwa na wengine na wao wanausoma tu. Picha tano zilikuwa mezani, na ya kijani ilikuwa imekuzwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Hii ni ya lini?"

"Imeandikwa nyuma."

"Nakuuliza wewe."

"Miaka mitatu iliyopita," Fundi akasema, na akahisi masikio yakimwaka moto.

"Sawa. Na hiki nini hapa, chini ya kwapa?"

Fundi akainama. Pale ambapo mkono wa Kimya ulikuwa umeinua bega lake, kwapa la gauni lilifunguka, na ndani yake kilining'inia kikaratasi, pini yake ikimeta. Mwandiko ulikuwa wake. *Mwalimu Mkuu. Kwapa lishushwe. Alhamisi tarehe 14.* Na mwezi. Na mwaka.

"Hiyo ni Alhamisi iliyopita," afisa akasema.

Fundi aliwaza kumtaja Karatasi. Aliwaza kumtaja mkwewe, akaona aibu kuwaza.

"Ndiyo," akasema. "Zote tumepiga Jumamosi. Gauni si langu, ni la mteja. Mume wangu hakutaka."

"Unajua kwamba naweza kufunga faili hapa hapa?"

"Najua."

"Mtoto hamna. Picha za kweli mbili. Ujumbe wenu nimesoma, hamna hata neno moja la mapenzi. Na sasa uongo. Niambie wewe, niamini nini?"

Mkono wa Fundi ukapanda shingoni wenyewe, kama unavyopanda kila anapofikiri kazi, ukaikuta tepu.

"Shingo yake ni kumi na tano na nusu," akasema. "Kifua thelathini na saba. Mkono wa kulia inchi ishirini na tano, wa kushoto ishirini na tano na nusu, alivunjika akiwa mdogo ukaunga vibaya. Bega la kushoto liko chini, ndiyo maana kola zake naziinua upande mmoja, bila hivyo anaonekana anasinzia. Kiuno thelathini."

Afisa akavua miwani. Akabonyeza kengele, akasema mwombaji wa kwanza arudi ndani. Kimya aliingia akidhani wamemaliza.

"Simama hapo. Naomba hiyo tepu, mama."

Afisa alisimama mwenyewe, akazunguka meza, akampitishia Kimya tepu kiunoni. Kimya alinyoosha mikono juu kwa mazoea, suruali ikitaka kumvuka, mkewe akaidaka kwa nyuma bila kuangalia.

"Usikaze," Fundi akasema. Halikuwa kusudi lake, kazi ndiyo iliyosema. "Weka vidole viwili ndani. Hivyo."

Thelathini. Mkono wa kulia ishirini na tano. Wa kushoto, na nusu yake.

Afisa alirudi kitini. "Ungeweza kumpima jana ukakariri."

"Ningeweza," Fundi alikubali. Kisha akasema, "Naomba mkoba wangu. Uko kwa baba, benchi ya nje. Ndani kuna daftari."

*

Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, limejaa chaki na mafuta ya cherehani, kurasa zimenenepa kwa kushikwa. Askari alilileta akiwa amelishika kwa vidole viwili. Afisa alifungua mwanzo: majina ya watu, makalio ya watu, vifua vya watu, na kila ukurasa una tarehe, zikifuatana mwaka baada ya mwaka bila kuruka. Daftari la namna hiyo hulitungi Jumamosi moja.

Ukurasa wa tisa: *Mteja mpya. Mrefu, hasemi. Shati moja.* Kiuno thelathini na tano.

Miezi miwili mbele: *Yule mrefu. Shati la pili. La kwanza halina kasoro, kaja tu.*

Kisha suti ya harusi. Baada ya hapo jina halikuandikwa tena, ilikuwa *yeye*, mara moja kwa mwaka, katikati ya wanawake wa mtaa na sare za shule. *Yeye*, thelathini na tano. *Yeye*, thelathini na nne. Thelathini na tatu, na pembeni kwa herufi ndogo: *anasema anakula vizuri, usimwulize.* Thelathini na mbili. Thelathini na moja: *acha vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, akinenepa nifungue.* Thelathini, Jumatatu iliyopita, na pembeni hakuna kitu.

Afisa alikuwa akisoma kwa sauti, kwa kuwa ndio utaratibu. Alipofika hapo akaacha kutoa sauti.

Kimya alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe. Hakuwahi kulifungua daftari lile, lilikuwa la kazi.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Si mimi ninayekata kitambaa?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungenijibu umekula."

Kimya akaweka mkono begani mwa mkewe. Hapakuwa na mpiga picha wa kumwelekeza, na mkono ulikaa vizuri.

Afisa alivaa miwani yake. "Daftari litabaki hapa."

"Lina wateja wangu wote."

"Litabaki. Mtapata jibu kwa barua."

*

Kimya aliondoka Jumamosi na likizo yake ikaisha. Fundi akaanza mtaa upya. Kila mteja aliyekuja aliambiwa asimame apimwe.

"Si ulinipima mwezi wa tatu?" alisema mwalimu mkuu, mikono juu.

"Vipimo viko ubalozini."

"Ehe! Na makalio yangu yanatafuta nini ubalozini?"

"Wanachunguza kama ni ya kweli," Mzee Bomba alidakia kutoka mlangoni, na wanawake wakaangua kicheko mpaka mmoja akakaa juu ya pini.

Siku ya kumi na tisa ikaja bahasha nene. Ndani yake lilikuwamo daftari. Kila mahali palipoandikwa *yeye* palikuwa pamegongwa muhuri wa bluu, juu ya kiuno, juu ya bega, juu ya vile vidole viwili vya kitambaa. Na barua.

Fundi aliisoma mara mbili, kwanza kimya, halafu kwa sauti. Wameonywa kwa zile picha. Wamekubaliwa. Viza ni ya miezi kumi na minane, na ikiisha watatakiwa kuthibitisha upya kwamba uhusiano wao bado ni wa kweli.

"Soma tena hapo mwisho."

Akasoma.

"Kumbe ndoa inaandikwa siku ya kuharibika, kama dawa," Mzee akasema. Kisha akakaa. Koki ya jikoni haikuwa ikivuja, na nyumba ilisikika kimya kote, na ilikuwa wazi itakavyokuwa baada ya wiki mbili, Fundi akishaondoka, mtu mmoja na bomba la nguo lisilo na nguo. "Nenda, mwanangu. Ukamnenepeshe. Mimi nipo."

"Nitakushonea huko nikutumie."

"Sawa sawa."

Aliingia chumbani kwake, akatoka na shati kuukuu la kupimia, limekunjwa. Fundi akalipokea. Akalitandaza mezani kama siku zote, akavuta tepu shingoni, akainama. Kola ilikuwa imekwisha, mabega yamevutika. Lilikuwa shati la mtu mnene kidogo, mtu aliyekuwa na mke.

Akalikunja tena.

"Baba," akasema, macho chini. "Hili halikufai tena. Ningekupima mwenyewe, kama hutaona vibaya."

Mzee Bomba alitazama mlango, kama aliyekuwa akiangalia iwapo kuna mtu barabarani. Akasimama. Akafungua vifungo viwili vya juu, akageuza uso upande, akainua mikono yake ya fundi bomba pole pole. Fundi alimpima haraka na kwa heshima, bila kumgusa zaidi ya tepu: shingo, kifua, mkono. Kiunoni alisita, akapitisha, akaacha vidole viwili.

Aliketi akafungua ukurasa mpya, baada ya mihuri yote. Akaandika *Baba*. Akaandika tarakimu chini yake.

"Umeandika na tarehe?" Mzee aliuliza, uso bado ameugeuza, mikono bado iko juu.

"Bado."

"Andika. Na mwaka. Siku moja watakuja kuwauliza mimi nilikuwa nani wenu."